Mbwa Uliyenikabidhi

Baraza la Chanika,
Handeni.
19 Septemba, 1951

Kwa Dada yangu mpendwa Hilaria,

Shikamoo, Dada. Naomba barua hii ikukute mzima, na kile kikohozi ulichoniandikia kiwe kimekuachia angalau usingizi. Bibi Swaumu, jirani yako, mguu wake unaendeleaje? Na chumba chako, bado kinavuja upande wa jikoni, au yule fundi wa kambi alikuja kama alivyoahidi? Mimi mwili wangu ni mzima. Nakula, nakwenda kazini asubuhi, narudi jioni. Baba naye hajambo. Jumapili iliyopita nilikwenda Kwedizinga nikamkuta anafyeka shamba la vuli, analalamikia mgongo kama kawaida yake, lakini anasimama na kufanya kazi. Anakusalimu sana, na anauliza kama huko Korogwe kumeonekana wingu, maana huku mbingu ni nyeupe toka asubuhi mpaka jioni.

Barua yako ya mwezi uliopita niliipata kwa mkono wa dereva wa lori. Uliandika kurasa mbili, na ukurasa mmoja mzima ulikuwa wa Waache. Umeuliza kama mbwa amezoea, kama sikio lake la kushoto bado limelala, kama Baba amekwisha kumtoa porini kwa nguruwe, kama anapata mifupa. Ukasema kwamba mwezi wa Desemba, ukipewa ruhusa, utapanda lori uje umwone, kwa kuwa tangu shemeji Simeo afariki, ukimfikiria yule mbwa akikimbia katika mahindi ya Baba ndipo unapopata pumzi. Dada, sikukujibu mpaka leo. Si kwamba nilikosa karatasi, mimi ni karani. Nilikuwa nakaa mezani, naandika salamu zote, nikifika kwenye jina la mbwa naichana.

Leo nitaandika mpaka mwisho. Tafadhali soma ukiwa umekaa, na kama Bibi Swaumu yuko karibu, mwite akae nawe.

Nianze pale tulipoachana, siku ile ya Jumamosi mwezi wa Juni. Ulinisindikiza hadi mwisho wa kambi, hukutaka kufika barabarani. Ulinipa kamba ya mkonge uliyoisokota mwenyewe, na ugali mkavu uliofungwa katika kitambaa cha marehemu. Ulisema msiba unaweza kuubeba, lakini king'ora cha kiwandani huwezi, maana kila jioni kikilia Waache alikuwa anatoka mbio hadi barabarani, anakaa akiitazama njia wanayorudia wakata mkonge mpaka wapite wote. Miezi miwili ilikuwa imepita tangu ule mwiba wa mkonge umchome Simeo kisiginoni na pepopunda imchukue kwa siku tisa, na mbwa alikuwa bado anamngoja. Ukasema nimpeleke kwa Baba, kwa sababu Simeo alikuwa amemwahidi mzee mbwa wa kufukuza nguruwe. Ukasema nimtunze vizuri, kwa kuwa ndicho kilichobaki cha kazi ya mikono yake.

Nami niliona ni jambo jepesi. Nilitakiwa kuripoti hapa barazani Jumatatu, tarehe pili Julai, nianze kazi hii ya ukarani niliyoiomba miaka mitatu. Nilikuwa na siku tisa. Hakuna dereva aliyekubali kupakia mbwa, kwa hiyo nilihesabu siku tatu au nne za kutembea mpaka Handeni, siku moja nyingine mpaka Kwedizinga, nimkabidhi mbwa kwa Baba, nipumzike, nirudi Chanika na nguo zangu zimepigwa pasi.

Siku ya kwanza Waache alinifurahisha mno. Darajani pale mto Pangani alisimama katikati akachungulia maji kwenye nafasi za mbao, kisha akanitazama kana kwamba ni mimi niliyeyaweka mle. Aliwabwekea nyani. Alimnusa kila mtu tuliyepishana naye. Niliomba malazi kwa mtu mmoja wa njiani, na Waache akalala mlangoni hakumsumbua mtu. Nilijisemea kwamba Simeo, Mungu amrehemu, alimlea mbwa kuliko watu wengine wanavyolea watoto.

Kesho yake asubuhi alikuwa mbwa mwingine. Hakuna jambo lililompata, naapa. Tulikuwa hatujatembea hata saa moja, akatokea mama mmoja na mzigo wa kuni kichwani. Waache ameona kuni maisha yake yote. Lakini alisimama ghafla, manyoya ya mgongoni yakamsimama, mkia ukaingia katikati ya miguu, akajikojolea. Yule mama alipopita nilidhani yamekwisha. Mbele kidogo kulikuwa na kisiki kilichoungua, akakataa kukipita. Likaja lori, turubai lake limelegea linapigapiga, akajitupa vichakani hadi kamba ikanichubua kiganja. Nikavua kofia yangu nijipepee, na aliponiona nimevua akarudi kinyumenyume akitetemeka kana kwamba sikuwa mimi.

Sitaki kukuficha lolote katika barua hii, basi nakuambia kwamba nilimburuza. Alipolala chini akajifanya mzito kama gunia, nilivua mkanda nikamchapa mara mbili. Hakulia. Alifumba macho tu. Ndipo nikamtia mabegani kama mtu anayebeba mgonjwa, nikatembea naye hivyo, na kutetemeka kwake kulikuwa kunaingia mpaka kwenye meno yangu.

Nilimbeba hadi karibu na Sindeni. Kando ya barabara kulikuwa na nyumba, na uani mama mmoja wa makamo anapukuchua mahindi. Aliniona kwa mbali akaniita. Aliniuliza, "Baba, huyo mbwa mbona umembeba kama mbuzi wa sadaka?" Nikamweleza. Akaniambia nimshushe nyuma ya ghala, nimfunge kamba ndefu, kisha nije nikae nimsaidie kupukuchua, nisimtazame tena.

Jina lake ni Bi Zamda. Mumewe, Mdoe, anaishi kwa mbwa: watu wa vijiji vya huko humwita na mbwa zake watano nguruwe wakizidi mashambani, na huweza kukaa nje ya nyumba hata wiki tatu. Siku hizo alikuwapo nyumbani, mtu mpole asiyesema sana. Lakini anayewalea wale mbwa ni mkewe. Yeye ni Mwislamu mwenye kushika dini yake. Hawashiki mbwa mdomoni, chakula huwarushia kwa mbali, na akiguswa na pua iliyolowa hunawa kama inavyompasa. Hata hivyo sijaona mtu anayewajua mbwa kama yeye.

Aliniambia mbwa wangu haumwi. Alisema umri wake ndio huo. Miezi sita, minane, hata kumi, mbwa anapoanza kuwa mkubwa huiona dunia upya, na huiona mbaya. Kitu alichokizoea jana, leo kinamtisha. Alisema ukimburuza katika kipindi hicho hofu hukaa humo humo mpaka anazeeka, na ukimngoja hutoka yenyewe. Nikamuuliza angojewe namna gani. Akasema, "Mpe mgongo. Kaa kati yake na kile anachokiogopa, wewe uendelee na kazi yako. Akitaka kuja kukinusa, aje. Akitaka kurudi, arudi. Na akija miguuni pako, simama pale pale, usimsukume, usimbembeleze. Ajue tu kwamba hapo hapana baya."

Nilikaa kwake siku nne, Dada. Sikumwambia mtu mwingine yeyote habari za siku hizo, na sasa naziona kama ndizo siku pekee za mwaka huu nilizofanya kazi ya maana. Siku ya kwanza Waache hakutoka nyuma ya ghala. Nilikaa nimempa mgongo, napukuchua mahindi hadi vidole vikatoka malengelenge, nasikia anavyohema. Jioni nilimrushia kipande cha ugali bila kugeuka. Alikula nilipoondoka.

Siku ya pili Bi Zamda aliniambia niiweke kofia yangu chini, katikati ya ua, na vipande vya dagaa kuizunguka. Ilimchukua asubuhi nzima. Alikuja akitambaa kwa tumbo, akarudi, akaja tena. Adhuhuri nikasikia kitu kinakokotwa, na nilipogeuka kidogo nikaona anaitafuna kofia ukingoni. Bi Zamda alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kanga. Akasema sasa kofia imekwisha kuwa kofia.

Siku ya tatu ilikuwa ya kinu na mchi. Mtwangaji alipoanza, Waache alirukaruka kwenye kamba, kisha nikamwona anatafuta kwa macho. Akaja kwangu. Akaegemeza mbavu zake kwenye muundi wa mguu wangu, akasimama hivyo. Moyo wake ulikuwa unapiga ovyo ovyo. Nilifanya kama nilivyofundishwa, nikasimama, sikumgusa. Mchi uliendelea. Polepole moyo wake ukatulia, na kabla ya mahindi kuisha kutwangwa alikuwa amekaa, na sikio lake moja limesimama. Sijapata kuaminiwa hivyo na kiumbe chochote, Dada. Siku ya nne alipita mwenyewe mbele ya mwamvuli uliofunguliwa, akarudi akapita tena, kana kwamba anajipima.

Alhamisi hiyo jioni alipita mtu wa baiskeli kutoka Handeni, akasimama kunywa maji. Alitupa habari kwamba Chanika kumeingia kichaa cha mbwa. Mtoto mmoja wa kike aitwaye Tatu aliumwa na mbwa mwezi uliotangulia, na Jumanne ya wiki ile alikuwa amezikwa. Serikali imetoa amri: mbwa wasio na wenyewe wapigwe risasi. Mbwa mwenye mwenyewe akishukiwa, afungwe bomani siku kumi atazamwe, akionekana mzima arudishwe. Na mtu atakayeingiza mbwa katika mji bila cheti atashitakiwa barazani.

Bi Zamda alinitazama. Akasema nimwache Waache kwake mwezi mmoja, hofu imtoke kabisa, na Mdoe atamfikisha Kwedizinga mwenyewe akienda huko kwa kazi ya nguruwe. Mdoe akaitikia kwa kichwa. Ni neno la watu wema, nami nililikataa. Nilisema Baba anamngoja, na nguruwe hawangoji. Ukweli ni kwamba nilitaka nimfikishe mimi, nikuandikie kwamba nimemfikisha mimi. Bi Zamda akasema, kama ni hivyo, nizunguke kwa njia ya porini, nisikanyage Chanika na mbwa. Nilimkubalia. Lakini njia hiyo ingenipotezea siku nzima, na Jumatatu ilikuwa karibu. Nilihesabu kwamba nikipita Chanika haraka nitafika Kwedizinga Jumapili, na nirudi kwa lori lolote litokalo Mkata. Tulipofika njia panda nilisimama kidogo, halafu nikashika barabara ya mji.

Tuliingia Chanika Jumamosi saa nne asubuhi. Ilikuwa siku ya gulio, nami nilikuwa nimesahau. Nilifupisha kamba, nikapita pembeni. Waache alinishangaza. Alipita mbele ya majembe yaliyotundikwa, akapita baiskeli, akapita kuku waliofungwa miguu. Kila kitu kikimtisha alinigusa kidogo mguuni, akaendelea. Nilianza kujisifu moyoni. Ndipo nikamwona kwenye baraza la duka Bwana Sadala, karani mkuu, ambaye mikononi mwake niliwahi kupeleka maombi ya kazi mara tatu. Nikaishika kamba kwa vidole viwili, na kwa mkono wa pili nikaanza kujifuta vumbi usoni ili nionekane nadhifu.

Wakati huo huo, hatua chache kutoka kwetu, mtu wa mbiu akapiga debe atangaze ile amri ya mbwa.

Kamba ilinitoka. Waache aliruka, akapita chini ya meza ya muuza samaki wakavu, meza ikapinduka, na kamba ikamvuka shingoni ikabaki imenasa chini yake. Akajibanza ukutani nyuma ya vikapu, anahema, mate yanamchuruzika kwa hofu na kwa kiu, na mtu mmoja akapaza sauti kwamba huyo ana kichaa. Watu walipanda juu ya magunia. Akina mama wakawanyakua watoto. Katikati ya ghasia hiyo akatokea Muhidini, baba yake Tatu, ameshika panga. Hakupiga kelele hata kidogo. Alikuja taratibu, na watu wakampisha, kwa sababu wote waliokuwa pale walikuwa wametoka kumzika mtoto wake siku nne tu zilizopita. Nyuma yake walikuja askari wawili, mmoja ana bunduki.

Waache akatoka nyuma ya vikapu. Miguu ya watu ilikuwa mingi, naye aliitazama yote, akaiona yangu. Alikuja ameinamisha kichwa, polepole, akapita mbele ya panga la Muhidini bila kulitazama. Akafika, akaegemeza mbavu zake kwenye muundi wangu, akasimama. Mate yake yaliilowesha suruali yangu. Niliusikia moyo wake, na ulikuwa umeanza kutulia.

Askari akaniuliza, "Huyu mbwa ni wako?"

Dada Hilaria, nilikuwa na maneno ya kweli mdomoni. Ningeweza kusema ni wangu, ametoka Korogwe, haumwi, ana hofu ya umri wake. Mfungeni siku kumi mtaona. Sheria yenyewe ilinipa siku hizo kumi, nilizisikia kwa masikio yangu. Ningeshitakiwa, kweli. Ningesimamishwa mbele ya baraza lile lile nililotakiwa kuanza kazi kesho kutwa, na kazi ingekwenda kwa mtu mwingine. Labda Muhidini angenipiga. Basi. Hayo tu ndiyo yangenipata. Nilimtazama Muhidini, nikamtazama Bwana Sadala aliyekuwa ananyosha shingo kutoka pale dukani, nikasema, "Hapana. Si wangu. Ananifuata tu tangu njiani."

Sauti yangu ilikuwa nzuri, haikutetemeka.

Askari akaniambia nisogee. Nikasogea hatua tatu. Waache akasogea nami hatua tatu, akaniegemea tena. Askari akasema, kama si wako mfukuze, asije akakuuma. Nikainua mguu nikampiga teke ubavuni. Sikumpiga kwa nguvu. Nimelifikiria hilo siku zote hizi: kama ningempiga kwa nguvu labda angekimbia, angeingia porini, angepona. Nilimpiga kama mtu anayemwomba mbwa aondoke, naye aliondoka kidogo tu, mpaka mahali palipo wazi. Akageuka akanitazama. Hakukimbia tena, hakubweka. Nadhani alikuwa anangoja nisimame vizuri ili arudi.

Risasi ilikuwa moja.

Muhidini alilitupa panga, akaja akanishika mkono. Aliniambia pole, ndugu, ungeumwa. Mtu aliyemzika mtoto wake Jumanne alinipa pole, nami niliipokea. Nilisema ahsante. Bwana Sadala alinikaribisha chai, akawaambia watu waliokaa naye kwamba anapenda kijana asiyebabaika. Nilikunywa ile chai, Dada. Walimchukua Waache kwa reki, wakamchoma nyuma ya gulio pamoja na wengine, kama amri ilivyosema. Nilikwenda huko adhuhuri, nikakuta mlinzi anafukia. Aliniuliza natafuta nini, nikamwambia napita tu.

Jumatatu niliripoti. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kunakili barua ya Bwana Sadala kwenda kwa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, kumweleza jinsi amri ilivyotekelezwa. Akasoma, nikaandika, kwamba siku ya gulio mbwa mmoja asiye na mwenyewe alipigwa risasi sokoni, na hakuna mtu aliyedhurika. Alipomaliza kuitazama alisema nina mwandiko mzuri.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda kwa Baba mikono mitupu. Nilimwambia chui alimchukua Waache njiani, karibu na Misima. Baba aliinamisha kichwa. Alisema chui hupenda mbwa kweli, hakuna la kufanya. Akauliza kama wewe umekwisha kujua, nikasema bado. Kisha akashika panga akaenda kuziba ua wa shamba, na nikaona mahindi yalivyolazwa na nguruwe, mstari baada ya mstari, kana kwamba mtu ameyaviringisha. Mwaka huu amevuna magunia mawili. Anakwenda kulala shambani mwenyewe, kwenye kibanda, na debe la kupiga, umri ule. Hakunilaumu hata kwa neno moja. Amekuwa akisema habari za chui huyo kwa majirani, nami nikiwapo huitikia.

Mwezi uliopita Mdoe alifika barazani kwa shauri la mpaka wa shamba. Aliniuliza, kwa niaba ya mkewe, mbwa anaendeleaje. Nikamwambia hajambo, anakwenda porini. Alifurahi. Alisema atamweleza Bi Zamda.

Sasa unajua. Baba anajua la chui, Mdoe anajua la mbwa mzima, na wewe peke yako unalo la kweli. Sikukuandikia ili unisamehe. Nimejaribu kujiombea msamaha mwenyewe na sikupata pa kuanzia. Nilikwenda hata kwa padre alipopita, nikafika mlangoni, nikarudi, kwa kuwa nilijua ataniambia niache dhambi hiyo, na mimi dhambi hiyo ndiyo inayonipa mshahara kila mwezi. Nimeandika barua ya kuacha kazi mara mbili, nazo nimezichana kama nilivyokuwa nikizichana nilizokuandikia wewe. Waache alikuwa na hofu ya miezi minane, na Bi Zamda alijua itamtoka. Mimi nina miaka thelathini na moja, na sijui nani anipe mgongo mpaka yangu initoke.

Kinachoniumiza zaidi ni kwamba alikuja kwangu kwa sababu nilimfundisha. Kama ningemburuza tu kwa kamba toka Korogwe, bila siku zile nne, pale gulioni angenikimbia mimi pamoja na wengine wote, na pengine angekuwa hai.

Usije ukamchukia Muhidini kwa ajili ya jambo hili. Yeye alimpoteza mtoto, na hakujua lolote. Wala usidhani kwamba Simeo alilea mbwa mwoga. Nilimwona yule mbwa akipita mbele ya panga.

Kuhusu Baba, sijui nifanye nini. Nimekuachia wewe. Ukiona afadhali abaki na chui wake, nitaendelea kuitikia. Ukiona aambiwe, niandikie neno moja tu, nitakwenda Kwedizinga kumwambia kwa kinywa changu, wala sitakutuma wewe.

Nisalimie Bibi Swaumu, mwambie namwombea mguu upone. Wasalimie wote wa mstari wenu wa nyumba waliotusaidia wakati wa msiba, na yule mwenzake Simeo aliyechimba kaburi. Unaposali kaburini kwake usinitaje.

Kama Desemba bado utakuja, lori la kutoka Korogwe husimama karibu na gulio, mbele ya duka lenye bati jekundu. Nitakuwapo pale kila Jumamosi ya mwezi huo, nitakubebea mzigo nikupeleke kwa Baba. Na ukishuka ukanipita bila kuniitikia salamu, sitakufuata nyuma. Nitajua tu kwamba barua yangu ilifika.

Ni mimi mdogo wako,
Ponsiano Bonaventura